Neno get: mwongozo wa kulielewa na kulitumia kazini na mtihanini

Kila aliyepita shule hapa Mombasa anajua kwamba get ni kupata. Aliliandika hivyo daftarini, mwalimu akampigia tiki, mambo yakaishia hapo. Kisha anaanza kazi hotelini Nyali au Bamburi, na mgeni aliyebeba mizigo mikono miwili anamwambia, "Could you get the door, please?" Kijana anasimama akiwaza mlango huu ataupata vipi, na uko pale pale mbele yake. Mgeni alitaka kufunguliwa mlango tu.

Get ni miongoni mwa vitenzi vinavyotumika sana katika Kiingereza cha kila siku, na ndicho kinachowaangusha wengi ambao Kiingereza chao cha kitabuni ni kizuri kabisa. Sababu naiona wazi: tumefundishwa kukitafutia neno moja la Kiswahili, na neno hilo halipo. Mahali ambapo Mwingereza anatumia get peke yake, Mswahili ana pata, leta, nunua, fika, panda, shuka, elewa, choka, zoea, na vingine chungu nzima. Lakini kuna utaratibu wa kulijua kila mara linasema nini, na mtu akiushika hahitaji kukariri orodha ndefu.

Nimeuandika mwongozo huu kwa anayehudumia wageni, kwa dereva wa tuktuk, kwa anayetembeza watalii Mji wa Kale, kwa karani wa ofisi za Kilindini, na kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani. Uwe na daftari na kalamu. Usipite hatua moja mpaka uwe umetunga sentensi zako mwenyewe mbili tatu.

Hatua ya 1: Shika umbo na matamshi

Wakati uliopo ni get, uliopita ni got. Likifuata have kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho shule zetu hufuata, hubaki got. Wamarekani husema gotten wanapomaanisha kupata au kuwa, kwa hivyo ukiisikia kwa mgeni usidhani amekosea. Wewe mtihanini andika got. Ukiongeza -ing, herufi t huwa mbili: getting.

Kwenye matamshi kuna jambo dogo lenye uzito. Ulimi wetu hupenda kufunga neno kwa irabu, basi get hutoka kama geti, na geti sote twajua ni lango. Funga neno kwenye t, usiongeze kitu. Na uzoee masikio yako kwa Mmarekani: yeye t hii ikiwa katikati ya irabu mbili huilainisha mpaka ikakaribia d au r yetu. "Get a" kwake husikika kama "geda", na "get up" kama "gerap". Wahudumu wengi hudhani ni neno jipya, kumbe ni lile lile.

Neno lenyewe liliingia Kiingereza kutoka kwa watu wa Skandinavia waliohamia mashariki na kaskazini mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwao geta ilikuwa kupata. Sisi tuliochukua leso na meza kutoka kwa Wareno tunalielewa hilo vizuri: neno la mgeni likishapendwa, hupewa kazi nyingi.

Hatua ya 2: Usilitazame get, tazama linalolifuata

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Ukisikia get, subiri neno linalofuata ndipo uamue maana. Likifuata jina la kitu, uwezekano mkubwa ni kupata, kuleta, kununua au kuchukua. Ikifuata sifa, kama tired au angry, maana ni kuingia katika hali hiyo. Pakifuata mahali, ni kufika. Kikifuata kitenzi kilichotendwa, kama stolen au paid, ni kutendwa. Kikifuata to pamoja na kitenzi, ni kupata nafasi. Na kikifuata kijineno kama on, off, up au over, hapo viwili hivyo vimekuwa neno moja lenye maana yake, na utajifunza kwa kuvitumia.

Chini ya maana zote hizo kuna wazo moja: kulikuwa na hali fulani, sasa imebadilika. Hukuwa nacho, sasa unacho. Hukuwapo, sasa upo. Hukuwa umechoka, sasa umechoka. Liweke wazo hilo kichwani, litakusaidia sana kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 3: Get na kitu

"I got a message" ni nimepata ujumbe. Hapa shule ilikufundisha sawa, pita.

Panapotatiza ni pale mgeni anapokuhusisha wewe. "Can you get me a towel?" ni niletee taulo. Kiswahili kina kauli ya kutendea kwa kazi hii hii: niletee, ninunulie, nitafutie, nichukulie. Kila ukitaka kusema mojawapo ya hizo kwa Kiingereza chepesi, get itakufaa. Mpangilio ndio wa kuchunga. Sema "get me a soda" au "get a soda for me". Ile "get for me a soda" tunayoisikia kila siku mjini ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza, na mwalimu ataikata.

Mgeni akisema "Can I get a coffee?" anaagiza kahawa. Haombi ruhusa ya kwenda kujichukulia, wala haulizi kama inapatikana. Jibu ni "Certainly" na kuiandika. Akisema mezani "Let me get this" au "I'll get the bill", anawaambia wenzake kwamba atalipa yeye, kwa hivyo bili mpelekee yeye. "Could you get the phone?" ni pokea simu. "Get the door" tumeshaiona, na huweza pia kuwa kufunga mlango, kulingana na hali ilivyo.

Ukiulizwa "Where did you get that kikoi?", mtu anataka kujua ulikonunua. Jibu: "I got it on Biashara Street", na kama bei ilikuwa nzuri, "I got it for 600 shillings." Kwa magonjwa nako get hutumika: "I got malaria" ni nilishikwa na malaria.

Kuna kundi la mwisho katika hatua hii, la kuelewa. "I get it" ni nimeelewa. "I didn't get your name" maana yake sikulisikia vizuri jina lako, kwa hivyo lirudie polepole. Usijibu kwamba ulikuwa hujamtajia. Na ile "You get?" ambayo vijana wetu huimalizia kila sentensi, iache barazani. Kwa mgeni au bosi husikika kama unatilia shaka akili yake. "Is that all right?" inatosha.

Hatua ya 4: Get na hali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Kiswahili chetu kinapotupa msaada ambao hatukuambiwa shuleni.

Kiswahili kina vitenzi vingi ambavyo ndani yake tayari kuna kubadilika hali: choka, kasirika, lowa, lewa, nenepa, konda, zeeka, zoea, potea, oa na olewa. Kiingereza mara nyingi hakina kitenzi kimoja kwa hali hizi, kwa hivyo hushika get na kuongeza sifa: get tired, get angry, get wet, get drunk, get fat, get thin, get old, get used to, get lost, get married.

Sasa angalia kinachotokea ukikibadilisha kitenzi kwa nyakati. Nachoka ni "I'm getting tired." Nilichoka ni "I got tired." Nitachoka ni "I'll get tired." Mimi huchoka upesi ni "I get tired quickly." Lakini nimechoka ni "I'm tired", bila get kabisa.

Hiyo ndiyo kanuni, na iandike kwa herufi kubwa daftarini: kitenzi cha hali kikiwa na -me-, Kiingereza hutumia am, is au are. Kikiwa na -na-, -li-, -ta- au hu-, Kiingereza hutumia get. Amekasirika, "He's angry." Alikasirika, "He got angry." Umelowa, "You're wet." Utalowa, "You'll get wet." Ameoa, "He's married." Alioa mwaka jana, "He got married last year." Wanaosema "I have got tired" wakimaanisha nimechoka wanaifuata -me- kana kwamba daima ni have, na ndipo wanapopotea.

Mfano utakaoutumia kila wiki ni wa joto. Mgeni ametoka Uingereza mwezi wa Januari, anafika hapa jasho linamtiririka, anakwambia hawezi. Unamwambia, "You'll get used to it," yaani utazoea. Akikuuliza wewe wajionaje na joto hili, unasema, "I'm used to it," nimezoea. Kanuni ile ile ya -me-. Baada ya used to huja jina, au kitenzi chenye -ing: Mmarekani aliyekodi gari hapa inambidi "get used to driving on the left", azoee kuendesha upande wa kushoto.

Majira nayo huenda hivyo. "It's getting dark" ni giza linaingia. "It's getting hot" ni joto linazidi. Mombasa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, lakini Mzungu wa kaskazini amezoea Julai yenye mwanga mpaka usiku. Anayeondoka alasiri kwenda kutembea ufuoni peke yake mwambie mapema, "It gets dark before seven here." Hiyo gets ni ile hu- yetu, ya jambo la kila siku.

Kanuni ina vighairi, na hivi ni vya kukariri. Nitachelewa ni "I'll be late", si "I'll get late". Saa huweza kwenda, kwa hivyo "It's getting late" ni sahihi, maana yake muda umekwenda, lakini mtu husema "I'm late" au "I'll be late". Kupitiwa na usingizi ni "fall asleep". Kufurahi kwa kawaida ni "be happy", kwa hivyo nitafurahi ukija ni "I'll be happy if you come".

Na la ndoa: sisi twasema ameolewa na fulani, basi wengi huandika "married with". Kiingereza hutaka to. "She got married to a man from Lamu." Tena Kiingereza hakitenganishi kuoa na kuolewa. Mwanamume na mwanamke wote "get married".

Hatua ya 5: Get na mahali

Ni kufika. "How do I get to Fort Jesus?" ni nifikeje Ngome ya Yesu? Ukiulizwa hivyo pale Digo Road, elekeza kwa hatua fupi: "Go down Nkrumah Road. You'll get to Treasury Square first. Keep walking and you'll get to the fort."

To ndiyo ya kuangaliwa. Yahitajika mbele ya jina la mahali, "get to Likoni", lakini huondoka mbele ya home, here na there. "What time did you get home?" Ukisema "get to home" umekosea. Ukiamua kutumia reach badala ya get, to haiingii popote: "reach Likoni".

Hatua ya 6: Kupanda na kushuka

Mji wetu ni wa kuvuka na kupanda, kwa hivyo hatua hii haina budi kujulikana vyema. Kiswahili kina panda na shuka kwa vyombo vyote. Kiingereza hugawa vyombo makundi mawili.

Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, yaani basi, treni, feri, meli na ndege, ni get on ukipanda na get off ukishuka. Chombo unachoinama kuingia na kuketi hapo hapo, yaani gari dogo, teksi na tuktuk, ni get in na get out of. Chombo au mnyama unayemkalia kwa kupanua miguu yako, yaani baiskeli, bodaboda na wale ngamia wa ufuoni, hurudi kwenye get on na get off. Jahazi kubwa ni get on, mtumbwi ni get in. Kwa matatu utasikia yote mawili na hakuna ubaya.

Sasa mchukue mgeni anayetoka mjini kwenda Diani. Dereva wa tuktuk amemfikisha Likoni na anamwelekeza: "You get out here. Walk down and get on the ferry. When you get off on the other side, you'll see the matatus." Angalia: out kwa tuktuk, on kwa feri, off kwa feri. Dereva anayeweza kusema sentensi hizo tatu bila kusita amempa mgeni utulivu mkubwa, maana pale Likoni umati ukianza kushuka kwenye ule mteremko asiyezoea huingiwa na hofu.

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari mwaka 2017, iko kwenye kundi la feri. Anayekwenda Tsavo mwambie, "Get on at Miritini and get off at Voi."

Hatua ya 7: Mambo yaliyokupata na mambo uliyofanyiwa

Get ikifuatwa na kitenzi kilichotendwa huwa kauli ya kutendwa ya mazungumzo. "He got arrested", alikamatwa. "We got paid yesterday", tulilipwa jana. "The car got stuck in the sand", gari lilikwama mchangani. Mara nyingi huwa ni jambo lililomfika mtu, hasa lenye athari kwake. Kwa maandishi rasmi weka was au were badala ya got, maana haiharibiki.

Mtego wa Mswahili uko kwenye wizi. Kiswahili chetu kinaruhusu niliibiwa simu: mimi ndimi ninayeanza sentensi, na simu inabaki mwishoni. Kiingereza hakikubali hilo. "I was stolen my phone" husikika kila siku mitaani, na mgeni akiambiwa hivyo inambidi aunde upya sentensi kichwani mwake. Anza na simu: "My phone got stolen." Ukiandikisha taarifa polisi: "My phone was stolen." Kama wataka kuanza na wewe mwenyewe, kitenzi ni rob: "I got robbed." Asili ya neno hilo ni kunyang'anywa, huku steal ikiwa ni kuibiwa, pengine bila hata kujua.

Sasa lipo umbo jingine ambalo wengi hawalitumii kabisa, na ni hasara, kwa sababu linalingana na Kiswahili karibu neno kwa neno kimaana. Ni get, kisha kitu, kisha kitenzi kilichotendwa: "I got my phone repaired." Maana yake nilitengenezewa simu. Mtu mwingine alifanya kazi, mimi nikafaidika. Katika Kiswahili twatumia -ewa na -iwa: nilishonewa, nilitengenezewa, nilipakiwa rangi. Basi nilishonewa kanzu ni "I got a kanzu made." Tumepakiwa rangi nyumba ni "We got the house painted." Nimenyolewa ni "I got my hair cut."

Ona faida yake kazini. Dada anayepaka hina ufuoni anaweza kumwambia mgeni, "Would you like to get some henna done?" Fundi cherehani wa Mji wa Kale: "You can get it made in two days." Ni sentensi fupi na za adabu, na zinamfanya mteja ajue kwamba kazi itafanywa na fundi, yeye hana la kuhangaikia.

Tahadhari moja: neno la katikati lisihamishwe. "I got my phone repaired" ni sawa. "I got repaired my phone" si Kiingereza.

Hatua ya 8: Kumfanya mtu, na kupata nafasi

"I got him to lower the price", nilimfanya apunguze bei. Humu kuna kubembeleza, kushawishi au kujitahidi. Kama ulimlazimisha, Kiingereza kina make, na make haitaki to: "I made him lower the price." Tofauti hiyo ya to huulizwa sana kwenye mitihani.

"Get to" pamoja na kitenzi ni sawa kabisa na pata ku- yetu. Wageni wamerudi kutoka Wasini, unawauliza mlipata kuwaona pomboo? "Did you get to see the dolphins?" Na "get to know" ni kufahamiana na mtu polepole.

Hatua ya 9: Have got

"I've got two children" ni nina watoto wawili. Hakuna kupata hapa, ni kuwa na kitu tu. "I've got to go" ni sina budi kwenda. Sokoni Marikiti ukiulizwa "Have you got change?", jibu ni "Yes, I have" au "No, I haven't". Jibu la "Yes, I got" linasikika sana na si sahihi. Ukirudi wakati uliopita, got huondoka: nilikuwa na gari ni "I had a car".

Hatua ya 10: Sentensi zinazofanana na zisizofanana

Hizi zinaweza kukuharibia kazi, kwa hivyo zisome kwa sauti.

"I'll get you a taxi" ni nitakutafutia teksi. "I'll get you", ikiishia hapo, huweza kuwa kitisho: utanikoma, nitakupata tu. Dereva anayetaka kusema nitakuja kukuchukua saa kumi na mbili aseme, "I'll come and get you at six" au "I'll pick you up at six." Na kumbuka saa zao: saa kumi na mbili yetu ni six yao.

"I'll get back" ni nitarudi. "I'll get back to you" ni nitakupa jibu baadaye. "I'll get you back" ni nitalipiza, isipokuwa ukiongeza mahali: "I'll get you back to the hotel", nitakurudisha hotelini.

"Don't get lost" ni usipotee, na ni maneno mema kumwambia mgeni anayeingia vichochoro vya Mji wa Kale. "Get lost!" peke yake ni potelea mbali, tusi kamili.

"Get out!" ni toka. Lakini Mmarekani ukimweleza kwamba ujenzi wa Ngome ulianza mwaka 1593, anaweza kukwambia "Get out of here!" huku macho yamemtoka kwa mshangao. Huyo hakufukuzi. Anasema usiniambie! Endelea na maelezo yako.

Vingine vichache vya kila siku: get up ni kuamka au kuinuka. Get along ni kuelewana na mtu. Get by ni kujikimu kwa shida shida. Get over ni kupona ugonjwa au kusahau machungu. Get away with ni kutenda kosa na kuponyoka bila adhabu. Kwenye simu, "I couldn't get through" ni simu haikuingia. Usijaribu kuvimeza vyote siku moja. Chukua viwili, vitumie wiki nzima, kisha ongeza.

Hatua ya 11: Mahali pa kuliacha

Get ni neno la mdomoni. Kwenye barua ya kazi, ripoti ya bandarini na insha, liache mara nyingi uwezavyo. "I got your letter" igeuze kuwa "I received your letter". "The goods got to the port" iwe "The goods arrived at the port". Kupata kibali ni obtain. Bei kupanda ni "Prices are rising", si "Prices are getting high". Karani anayeijua tofauti hii barua zake husomwa kwa heshima.

Kinyume chake pia ni kweli: ukimwambia mgeni mezani "Shall I obtain a spoon for you?" atakuelewa, lakini atahisi anaongea na hati ya mahakama. Mezani ni get.

Hatua ya 12: Jipime

Funika majibu, andika Kiingereza cha sentensi hizi. Niletee chumvi, tafadhali. Amelewa. Atalewa. Tulifika nyumbani usiku. Shukeni Voi. Niliibiwa mkoba. Nimeshonewa buibui. Tutachelewa. Nilimshawishi asubiri. Sina budi kuondoka.

Majibu kwa mfuatano: "Get me the salt, please", na kwa adabu zaidi "Could you get me the salt?" "He's drunk", bila get kwa sababu ya -me-. "He'll get drunk." "We got home at night", bila to. "Get off at Voi." "My bag got stolen." "I got a buibui made", au "I've got a buibui made" kama ni hivi karibuni. "We'll be late", kighairi kile cha hatua ya 4. "I got him to wait", na to iwepo. "I've got to go."

Uliyekosa Amelewa au Tutachelewa, rudi hatua ya 4. Uliyekosa mkoba au buibui, rudi hatua ya 7, na mara hii tunga sentensi kumi kuhusu vitu ulivyofanyiwa na mafundi mwaka huu: viatu, simu, nguo, nywele, mlango wa nyumba.